Siku Baba Alipokula Samaki

Nyumbani kwetu, upande wa juu wa Meru ambako ukungu wa asubuhi hauondoki mpaka watu wamalize chai ya saa nne, nyama ilikuwa ya aina mbili: ya ng'ombe na ya mbuzi. Kuku alikuwa kuku, hakuitwa nyama. Sungura walikuwa mchezo wa kaka zangu. Nguruwe walikuwa wa jirani yetu wa chini, mtu ambaye baba alimsalimia vizuri sana kanisani lakini hakukubali kunywa hata chai nyumbani kwake. Samaki hatukuwa na habari naye. Tulimjua kwenye Biblia tu.

Baba alikuwa mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, mtu mrefu, mkimya, aliyetafuna polepole. Jumamosi alikuwa akishuka mjini Meru, anapitia soko la Gakoromone kununua ndizi na viazi kama alivyotumwa na mama, halafu anaingia buchari ambako hakutumwa. Alirudi na nyama imefungwa kwenye gazeti, na siku hiyo alizungumza kuliko siku nyingine zote za wiki. Kuku mama alimpika tukipata wageni, au mtoto akiugua. Baba alikuwa akimtazama kuku kwenye sahani za wengine kama mtu anayetazama watoto wakila udongo.

Nikiwa msichana nilimwuliza sababu.

"Kuku anakula nini?" akanijibu.

"Mahindi."

"Na akimaliza mahindi?"

Nikafikiri. "Minyoo. Na kule nyuma ya choo..."

"Haya. Sasa mimi nikimla kuku, nitakuwa nimekula nini?"

Mpaka naenda chuo cha ualimu niliamini hoja hiyo haina jibu duniani.

Chuoni nikakutana na kijana wa Mbeere, akawa mume wangu. Kwao ni chini ya Kiritiri, ambako barabara inateremka mpaka unahisi masikio yakiziba, ardhi inakuwa ya mchanga na jua halina mzaha. Mara ya kwanza kunipeleka kwao, mama yake alitoka kunilaki huku akipiga vigelegele peke yake, akanishika mikono yote miwili, akaninyang'anya mfuko, akaniketisha kwenye kiti cha pekee kilichokuwa na mto. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye maneno mengi na kicheko cha kusikika mpaka ng'ambo ya korongo. Alilima ndengu na mtama na kufuga mbuzi. Nilipoona mbuzi wale zizini, moyo wangu ukatulia. Nikajua nitakula nini.

Akaniletea samaki.

Alikuwa mzima, ana kichwa, ana meno, jicho moja linanitazama. Chini yake mchuzi wa nyanya, pembeni ugali wa mtama. Mume wangu, ambaye alinijua, alikuwa ametoka kwenda kuangalia mbuzi. Nikasema kwa sauti ndogo, "Mama, mimi naweza kula mboga tu, nimeshiba njiani."

Akaangua kicheko. "Umeshiba njia gani hiyo iliyo na chakula?" Akavuta kigoda akaketi karibu yangu. "Usione haya, mwanangu. Hata mimi nilikataa."

Akanieleza. Walipoziba mto na bwawa likajaa, wakaja wanaume wa kutoka upande wa ziwani na nyavu zao, wakajenga vibanda ukingoni. Watu wa Mbeere walikuwa wakipita mbali wameziba pua. Walisema hao ni watu wanaokula nyoka wa majini. Kisha mvua ikakatika. Mbuzi wakafa, mtama ukakauka ukiwa mfupi. Alikuwa na watoto wadogo na mume alikuwa amefariki karibuni.

"Siku moja nimeenda kuchota maji," akasema, "mke wa mvuvi mmoja akanitazama, hakuniuliza kitu. Akanipa samaki wawili kwenye jani. Nikawabeba hivi, mbali na nguo. Nikawapika nje ili nyumba isinuke. Watoto wakala. Mimi nikaonja nimefumba macho. Nilipofumbua, samaki alikuwa ameisha."

Sikuweza kumkatalia mtu aliyenisimulia hivyo. Nilimega kipande kidogo upande wa mkia, mbali na lile jicho. Nakumbuka nilishangaa kwamba hakuwa na ladha ya matope. Alikuwa mtamu. Nikamaliza upande mmoja, mama mkwe akanigeuzia wa pili.

Baadaye, tukiwa tumezoeana, nikamwambia kwamba mjomba wangu kule Meru anakula nguruwe kila sikukuu. Akaweka mkono kifuani.

"Nguruwe? Ashindwe! Mnyama anayelala kwenye matope yake?"

"Na samaki je? Hatoki majini hata kwenda msalani."

"Hiyo ni tofauti," akasema, na hakueleza tofauti yake. Halafu akaniinamia: "Hayo ya mjomba wako usiwaambie watu wa huku. Watauliza mwanangu ameoa wapi."

Miaka ikapita. Tukapata kazi ya kufundisha karibu na mji wa Embu, tukapanga nyumba, watoto wakazaliwa. Ndipo baba akaanguka shambani. Alikuwa akichuma kahawa, akaona miti inazunguka, akajikuta amelala kwenye majani. Kaka zangu wakamleta kwangu ili awe karibu na hospitali. Daktari, kijana mpole mwenye miwani, akampima akasema ni presha na mafuta kwenye damu. Akampa dawa. Halafu akasema neno lililomuumiza baba kuliko sindano.

"Mzee, nyama nyekundu tunaacha kabisa."

"Nyama nyekundu ndiyo nyama," baba akasema. "Hiyo nyingine ni gani?"

"Ile nyeupe. Kula kuku bila ngozi. Kula samaki."

Baba akanigeukia mimi, akaniuliza kwa Kimeru kama yule kijana ana baba.

Tukaanza maisha magumu. Nikampikia kuku, akala ugali na kachumbari, kuku akamsukumia mjukuu. Nikampikia githeri ya mahindi na maharagwe, akala, lakini kwa uso wa mtu anayelipa faini. Ng'ambo ya barabara yetu palikuwa na buchari yenye jiko la kuchoma nje, na kila jioni baba alisema anakwenda kunyoosha miguu. Nilimwona dirishani amesimama upande ule moshi unakoelekea, mikono mgongoni, hanunui kitu. Alikonda. Koti likaanza kumning'inia. Niliogopa. Usiku nilimwambia mume wangu kwamba dawa zitamponya baba presha na njaa itamuua.

Nadhani mume wangu ndiye aliyemweleza mama yake, kwa maana Jumapili iliyofuata, tukitoka kanisani, tulimkuta mama mkwe ameketi mlangoni na kiondo magotini. Ndani ya kiondo mlikuwa na samaki watatu wakubwa wa aina ya ngege, amewakaanga kwao usiku uliotangulia na kuwafunga kwenye majani na magazeti.

"Nimekuja kumwona muthoni wangu," akasema.

Hapa lazima nieleze kidogo. Muthoni ni mkwe, na kwetu Meru na kwao Mbeere neno ni moja na heshima ni moja. Baba mzazi wa mke na mama mzazi wa mume hawataniani. Hawashikani. Wanasalimiana kwa unyenyekevu, wanaulizana habari za mvua na mifugo, na mmoja akimwandalia mwenzake chakula, chakula kinaliwa. Kukataa chakula cha muthoni ni kumwambia mbele ya watoto kwamba nyumba yake ni chafu.

Mama mkwe aliyajua hayo vizuri. Aliingia jikoni, akanitoa nje, akapika mwenyewe. Nyanya, kitunguu, dania, chumvi kidogo sana kwa sababu ya presha. Kisha akaleta sahani sebuleni kwa mikono miwili, akainama kidogo, akaiweka mbele ya baba.

"Muthoni, nimesikia hauli. Nikasema nilete nilicho nacho. Ni chakula cha nyumbani kwangu."

Yeye alisema Kimbeere na baba akajibu Kimeru, kama walivyofanya siku zote, na walielewana bila shida. Baba alimtazama samaki. Samaki akamtazama baba. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimeshika kitambaa cha vyombo.

"Asante, muthoni," baba akasema. "Mungu akubariki."

Mama mkwe akarudi jikoni, maana haikufaa akae pale kumwangalia akila. Baba akanawa, akaomba, sala ndefu kuliko kawaida. Akamega ugali, akavuta mnofu mkubwa wa mgongoni, akatia kinywani. Akatafuna. Nikaona uso wake ukibadilika, si kwa uchungu. Akamega tena, kipande kikubwa zaidi. Nilipaswa kumwonya, lakini nilikuwa na furaha mno. Mtu aliyekula mbuzi maisha yake yote hajui mambo ya miiba. Mfupa wa mbuzi unauona, unaushika, unautafuna. Baba alitafuna samaki hivyo hivyo, akameza.

Akasimama. Akashika koo. Macho yakamtoka, akaanza kukohoa kwa sauti ya mlango mbovu.

"Mama!" nikapiga kelele.

Mama mkwe alitoka jikoni mbio, kitambaa cha kichwa kimemdondoka. Akamega donge la ugali, akalifinyanga mkononi, akamshika baba kidevu, muthoni wake, mzee wa kanisa, akamwambia, "Fungua! Usitafune! Meza!" Akalisukuma ndani kwa kidole. Kisha akamgeuza akampiga mgongoni kofi ambalo watoto walilisimulia mwaka mzima. Donge lingine. Baba akameza, machozi yakimtiririka. Akavuta pumzi. Mwiba ukawa umekwenda.

Mama mkwe akatambua alichofanya, akajifunika kichwa kwa leso, akarudi nyuma mpaka ukutani. "Nisamehe, muthoni," akasema. "Nimekushika."

Baba akajifuta uso. Akaketi. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani kikohozi kinarudi, kumbe anacheka. Sikuwahi kumwona baba akicheka hivyo, mdomo wazi, bila sauti, akipiga goti lake.

"Muthoni," akasema alipopata sauti, "mbuzi ukimchinja anakubali. Huyu amekatwa, amekaangwa, amepikwa tena, na bado anapigana. Huyu ni mnyama wa kiume. Nionyeshe anavyoliwa."

Basi mama mkwe akavuta kiti, akaketi mezani na muthoni wake, jambo ambalo kabla ya mwiba ule lisingewezekana, akamwonyesha. Vidole vianzie wapi, uti wa mgongo unavyoinuka wote pamoja, ulimi unavyotafuta kabla ya meno. Baba alimsikiliza kwa makini kama mwanafunzi. Akamaliza samaki mzima. Kichwa hakukigusa, alisema kichwa kingengoja mpaka wafahamiane.

Tangu siku hiyo mzigo ukawa unakuja kutoka Kiritiri kila wiki, na baba akaanza kujaa kwenye koti lake. Tulipomrudisha hospitalini, daktari akafurahi, akauliza kama anakula kuku pia. Baba akamwuliza kama anajua kuku anakula nini.

Aliporudi Meru shida ikahamia kwa mama. Mama alimsikiliza akisimulia mpaka mwisho, akasema amefurahi amepona, na kwamba hakuna samaki atakayeingia kwenye sufuria zake. Baba hakubishana. Alishuka mjini, akanunua kikaango chake na sufuria yake ndogo, akaweka mafiga nyuma ya banda la ng'ombe, akaanza kupika samaki aliotumiwa na muthoni wake. Mzee ambaye hakuwahi hata kuchemsha maji ya kunyolea! Majirani walitafuta sababu za kupita. Mzee mwenzake wa kanisa alikuja kumpa pole kwa ugonjwa, akaonja kidogo, halafu kidogo tena, na tukasikia kwamba mkewe alimlaza sebuleni kwa ajili ya harufu.

Nilikwenda likizo ya Agosti nikaona kwa macho yangu. Baba alikuwa amechuchumaa kwenye moshi, mikono ya shati imekunjwa, anageuza ngege kwa uma kwa uangalifu mkubwa. Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi za jikoni akichambua maharagwe, amempa mgongo.

"Mama," nikamwuliza, "na wewe huonji hata kidogo?"

"Mimi nina presha?"

"Huna."

"Basi niache na afya yangu." Akachambua maharagwe kidogo. Halafu, bila kugeuka, akapaza sauti kuelekea bandani: "Punguza moto, wewe! Unaunguza!"

Baba akapunguza moto.