Kuuza na Kuuzisha

Siku ile tulikuwa wanne katika chumba chetu cha kulipia michezo ya video, mjini Baraka, upande wa Kongo: mimi, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, dada yetu wa mwisho akiwa bado na sare ya shule, na fundi wa simu, Mrundi wa kambi ya Lusenda. Wazazi walikuwa wamekufa zamani. Mimi niliacha shule ili hawa wadogo wawili wasome, na chumba kile ndicho kilichowasomesha.

Fundi alikuwa ameunganisha mashine yetu na mtandao kwa mara ya kwanza, tupate majina mapya ya wachezaji katika mchezo wa mpira. Badala yake, juu ya picha ya kila mchezo kikatokea kifuli kidogo, alama ya kufuli, na mchezo haukufunguka. Michezo yote kumi na miwili.

Nikampigia mtu wa Kigoma aliyenipa mashine.

"Ndugu yangu, akaunti ya michezo ni yangu," alisema kwa upole. "Nimepata mashine mpya, nimeihamishia huko; yako imejua ilipoingia mtandaoni. Nilikuandikia mapema: mashine chukua, michezo siuzi."

Kweli aliandika. Lakini kwetu kuuza ni kununua. Anayetoa mali anauzisha. Niliposoma "michezo siuzi" nilielewa kwamba yeye hainunui, anaipata bure, basi ananiongezea bure juu ya mashine. Nilifurahi. Nikapeleka bandari ya Kazimia moteri, injini ya mtumbwi ya marehemu baba, ikavuka ziwa kuwa malipo.

"Yaya," mdogo wangu alisema, maana ndivyo wanavyomwita mkubwa wao, "kumbe uliuza bifuli."

Fundi alicheka, kisha akajizuia na kufungua kompyuta yake. "Mi niko na mchezo mumoja mu ordinateri yangu. Mwenye kuutengeneza aliuzisha bila kifuli. Iko yote kwangu, inafunguka bila kuuliza muntu. Nitakuazima."

Ulifunguka kweli, hata mtandao ulipokatika. Ulikuwa mchezo wa kulima shamba, wa mtu mmoja.

"Nani atalipa ili alime?" dada yetu aliuliza. "Mihogo si iko nyumbani?"

Hakuna aliyelipa. Tulifunga chumba kabla ya muhula kwisha, na dada akarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Mdogo wangu sasa anavuta nyavu kwenye mtumbwi wa watu, huko kijiji cha Mboko. Akija hutuletea samaki, anakula, halafu anauliza: "Na moteri ya baba, Yaya?"

"Niko na deni," namjibu.

Moteri ile ilikuwa yetu watatu. Sijarudisha hata skrubu yake moja.