Nilivyoigeuza picha ya pekee ya baba kuwa GIF, na original tukaizika na mama

Wakuu, salamu kutoka Kimulot, huku juu karibu na msitu wa Mau. Mimi ni mzee, huwa nasoma tu humu bila kuandika. Leo nimeona watu wakiulizana ni website gani nzuri ya kubadilisha picha kutoka format moja hadi nyingine, nikaona nisinyamaze. Nitasimulia ilivyokuwa, na pale nilipokosa nitasema nilikosa.

Ilikuwa 1999. Nilikuwa karani katika ofisi ya kiwanda kimoja cha chai. Nilikuwa na Form Four yangu, na nyumbani mimi ndiye niliyeitwa msomi. Mdogo wangu Joel aliachia darasa la saba, akabaki na mama wakichuna chai na kukamua ng'ombe.

Baba, kibarua wa mashamba ya chai, alifariki nikiwa na miaka tisa. Joel alikuwa bado tumboni.

Alituachia picha moja tu. Black and white, ukubwa wa postcard, amesimama na koti la kuazima, mkono mmoja mfukoni.

Mama aliitundika jikoni, si sebuleni. Wa huku mnajua, unyevu hula picha, lakini moshi wa kuni huikausha. Ilikuwa imegeuka rangi ya chai, ila uso ulionekana vizuri. Joel alipopata mtoto wa kwanza, wazee walitaja majina ya marehemu, mtoto akapiga chafya kwa jina la baba, na kwetu hiyo ndiyo ishara kwamba jina limekubali. Joel alimbeba mpaka jikoni akamwonyesha ile picha.

Sasa, dada yetu Esther alikuwa ng'ambo akisomea nursing. Mama alipoanza kuugua, Esther akaomba atumiwe picha ya baba kwa email.

Ofisini tulikuwa na scanner na kompyuta moja yenye internet. Niliscan, ikatoka faili kubwa la BMP, likakataa kuingia kwa floppy, ile diski ndogo ya kubeba, na email ikalikataa pia. Odhiambo wa stoo, mtu wa upande wa ziwa, akanifungulia page fulani kwenye browser. Unaweka picha, unachagua GIF au JPEG, unachagua size, unasubiri, unapewa nyingine.

"Bwana Langat, ile kubwa usiifute," aliniambia. "Hii ni ya kutuma tu. Picha ukishaipunguza hairudi."

"Odhiambo, mimi nimeshika kalamu ya ofisi kabla hujazaliwa."

"Basi kalamu ikusaidie," akasema, akacheka, akarudi stoo.

Nilichagua GIF, size ndogo kabisa, kwa sababu laini ilikuwa polepole na meneja alishaanza kuuliza kwa nini simu iko engaged, maana internet ilipitia laini hiyo hiyo. Ilipotoka nikaiangalia kwa screen. Baba alikuwa mdogo, lakini alikuwa yeye. Nikamtumia Esther, nikaweka kwa floppy, nikafuta ile BMP maana disk ya kompyuta ilikuwa imejaa. Picha nikairudisha jikoni kwa mama, nikijiona mtu wa maana.

Wiki chache baadaye mama akafariki. Alikuwa ametuambia jambo moja, mimi na Joel: azikwe na ile picha. Alikuwa mjane zaidi ya miaka thelathini, nani angemkatalia.

Siku ya mazishi, jeneza likiwa bado wazi, Joel alinivuta kando akiwa ameishika.

"Tuipeleke Kericho kwanza, studio watoe copy. Mama atangoja mpaka kesho."

"Pastor amefika, watu wamejaa, wewe unasema kesho?"

"Ni picha ya baba."

"Baba yuko kwa kompyuta. Hiyo karatasi imeshaharibika na moshi. Wewe jua chai yako, mambo ya ofisi niachie mimi."

Nilisema kwa sauti. Mjomba mmoja akacheka. Joel aliitazama picha kwa muda, akanipa. Mimi ndiye niliyeiweka chini ya mikono ya mama.

Mwezi uliofuata nikapeleka floppy studio, nitoe kubwa ya kuweka kwa frame. Nilitaka kumpa Joel, nimalize ile aibu ya mazishi. Mwenye studio akaifungua, akaivuta, ikawa viboksi.

"Mzee, hii ni stempu. Iko wapi ile yenyewe?"

"Hakuna."

"Hata ya karatasi?"

Nikamwambia aitoe hivyo hivyo, kubwa.

Esther alikuwa na hiyo hiyo ndogo. Odhiambo aliitafuta BMP kwenye ile kompyuta siku mbili wakati wa lunch, hakupata kitu. Hakunicheka. Ingekuwa afadhali angecheka.

Nilimpelekea Joel ile print shambani. Akapangusa mikono, akaishika, akaigeuza kwa mwanga.

"Huyu ni nani?"

Hakuwa ananidharau. Alikuwa anauliza.

Nikamweleza yote. Akanirudishia. "Wewe ulimwona kwa macho," akasema. "Mimi nilikuwa na ile karatasi tu." Akarudi kuchuna.

Kufukua kaburi hakuna aliyetaja. Kwetu mtu hafukui mama yake.

Mpaka leo mimi na Joel tunasalimiana kanisani, basi. Mwaka jana mjukuu wake aliniuliza kama babu mkubwa, yaani baba yetu, alikuwa na ndevu. Nikasema ndiyo. Ukweli ni kwamba sikumbuki.

Funzo langu si la kompyuta, maana kompyuta ilifanya nilichoiambia. Nilionywa na mtu anayejua nikamringia masomo, kisha nikamdharau ndugu yangu mbele ya watu kwa jambo ambalo yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Badilisheni picha mtakavyo, lakini ile ya kwanza msiiguse, na msimnyamazishe anayewaambia mngoje.

Karibuni mseme, hata matusi nitasoma. Na kama mzazi wako alifanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Kericho au Bomet miaka ya sitini, na nyumbani mna picha ya wafanyakazi wakiwa kikundi, tafadhali iweke hapa kama ilivyo, bila kuipunguza. Huenda baba yumo; nitampelekea Joel aangalie. Mimi mwenyewe sina hakika nitamtambua baba.