Madirisha Matatu ya Kontena

Nyumba yetu ya kwanza waliibeba. Nasema waliibeba, si waliichoma, maana watu wa mbali wakisikia vita wanafikiria moto tu. Tulikimbia wiki mbili, tukarudi mtaani kwetu Kilibula tukakuta kuta za udongo zimesimama, lakini bati hakuna, mlango hakuna, fremu za madirisha zimeng'olewa hadi misumari. Nyumba ya pili vilevile. Mara hiyo walichukua mpaka jiwe langu la kusagia, sijui askari alitaka kusaga nini. Nikakaa chini uwanjani nikamwambia bwana yangu kwamba sijengi tena. Mtu ajenge, mwingine aezue? Nilikuwa na watoto wawili na hasira ya watu kumi.

Bwana yangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kule bandarini Kalundu. Alikuwa mtu wa bonde la Ruzizi, mwenye kuhesabu na kusali kwa Kirundi chake, na maneno yake yalikuwa machache. Mimi ni wa ziwani, niliongea kwa niaba ya wote wawili. Baada ya mwezi mmoja alikuja na lori, na juu ya lori kontena, lile sanduku kubwa la chuma la kusafirishia mizigo. Tajiri mmoja alikuwa amemlipa nalo kwa kutengeneza boti yake, kwa sababu lilikuwa limetobolewa na kutu kwenye pembe. Wanaume walilishusha kwa magogo huku mtaa mzima ukitazama. Kisha bwana yangu akanieleza kwa ufupi kwamba hii hawataweza kuibeba.

Majirani walinipa jina siku hiyohiyo: Mama Shehena. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, alisema asubuhi moja nitaamka niko Kigoma, nimepakiwa pamoja na sukari ya watu. Nilicheka nao, lakini ni meno tu yaliyocheka. Nilikuwa na haya. Mtu haolewi ili akawekwe ndani ya sanduku.

Na mwanzo yalikuwa mateso kweli. Saa sita mchana hukai ndani, na ukiegemea ukuta unaacha ngozi pale. Alfajiri chuma kilitoka jasho na matone yakatudondokea usoni. Jua likilipiga asubuhi, chuma kilitanuka na kulia ta, ta, ta, na watoto wangu wakaruka chini ya kitanda wakalala kifudifudi kama tulivyowafundisha. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tena kontena linafungwa kwa nje tu, kwa vyuma virefu viwili, kwa sababu waliolitengeneza hawakuwaza kitu chenye kupumua. Nilikataa kulala humo mpaka aweke komeo la ndani, na aliliweka siku hiyo.

Halafu akaanza kazi yenyewe. Alifunga kitambaa juu ya mti, akakaa siku mbili akikitazama kama mtu asiye na shughuli. Kumbe alikuwa anasoma upepo. Mchana kwetu upepo unatoka ziwani, usiku unashuka kutoka milima ya Bijombo. Akakata madirisha mawili upande wa ziwa na moja nyuma, upande wa mlima, ili upepo uingie huku utokee kule saa zote. Tukaenda kukata matete kwenye mdomo wa mto Ruzizi, tukayafunga ndani ukuta mzima, tukakandika udongo, nikapaka chokaa kwa mkono wangu. Juu akaweka paa la pili la nyasi, limeachana na chuma kwa kiasi cha dhiraa, ili jua lipige nyasi na si sisi. Chini akaliinua kwa mawe, kwa sababu maji ya mlimani yakija hayabishi hodi. Mimi nikashona rido za kitenge za kufunika madirisha.

Mungu anisamehe, niliipenda ile nyumba kuliko zote. Kiangazi, wenye nyumba za bati walipokuwa wanapikwa hai, jirani muuza ndagala alikuwa anakuja kwangu na mkeka wake kujinyoosha sakafuni, na nilimuuliza kama safari ya Kigoma imemshinda. Tulikaa humo karibu miaka miwili. Watoto waliacha kuruka chini ya kitanda.

Kisha vita vikarudi. Walioushika mji walifukuzwa na wengine, na hao wengine wakasemekana watafukuzwa tena, na kila anayeingia anawauliza watu kwa nini walikaa vizuri na aliyetoka. Mizinga ilianza upande wa Nyamianda asubuhi ya Jumapili. Nilifunga nguo, nikambeba mdogo mgongoni, nikamshika mkubwa mkono. Bwana yangu hakufunga kitu.

Alisema, "Nyumba hii hawawezi kuibeba, lakini wanaweza kuingia. Weye enda na watoto. Minye nabaki, mutanikuta hapa."

Tuligombana, nami nilijua kugombana. Nilimkumbusha watu wote waliobaki kulinda vitu na leo vitu vipo, wao hawapo. Alitikisa kichwa tu. Mwishowe nikamwambia abaki na bibi yake wa chuma, ampikie na kumzalia. Hayo ndiyo maneno yangu ya kuagana. Nikavuka mpaka na watoto wangu, nikaenda kwa dada yangu upande wa Burundi.

Nilikaa huko miezi mitatu. Wiki ya pili alifika mtu wa mtaa wetu akasema bwana yangu alikamatwa siku ileile tuliyoondoka na hakuonekana tena. Dada yangu alitaka tukae matanga. Nilikataa. Matanga ya nani, nimeona maiti? Nilikuwa nakwenda mpakani kila siku ya tatu kuwauliza wanaovuka. Walinitazama kwa huruma, na huruma yao niliichukia.

Tuliposikia wenye silaha wamehama, nilirudi. Nyumba ilikuwepo. Ilisimama pale pale juu ya mawe yake, sawasawa na alivyosema, hakuna aliyeibeba. Lakini paa la nyasi halikuwepo, walikuwa wamelichoma kupikia chakula. Madirisha mawili ya ziwani yalikuwa yamezibwa kwa mabamba ya chuma, yamechomelewa pande zote. Mlango mkubwa ulikuwa wazi na ndani mlinuka mkojo. Matete waliyararua, na kwenye chokaa yangu kulikuwa na alama za kucha. Jirani yangu alisimama mbali kidogo, akaniambia walifanya kasho. Gereza, humo ndani, kwa miezi miwili.

Nilikwenda kwenye dirisha la kwanza nikaweka mkono juu ya ule mshono wa chuma. Mke wa fundi anaujua mkono wa bwana yake kama unavyojua mwandiko wa mtoto wako. Ule wa bwana yangu ulilala kama magamba ya samaki, moja juu ya jingine, sawasawa, bila kuruka. Ni yeye aliyeziba. Basi hakukamatwa akafa siku ile ya kwanza, alikuwa hai, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Nilifurahi kweli. Nilimaliza kufurahi kabla sijaondoa mkono, kwa sababu nilielewa alikuwa ameziba akiwazibia nani.

Jirani hakuficha. Alisema walisikia mashine yake mchana mzima. Watu wa mtaa walikuwa ndani tayari, wanaume na vijana, wakimwita kwa jina na kumwomba, na yeye akiendelea. Juu hakuna nyasi, pembeni hakuna upepo. Mzee mmoja, aliyetusaidia kulishusha kontena kutoka kwenye lori, alikufa humo kwa joto siku ya nne. Jirani alinieleza yote hayo akitazama ndoo yake. Mtoto wa dada yake alikuwa humo. Nilitaka kumwambia kwamba mtu aliyeelekezewa bunduki mgongoni anaziba tu, hata mwanawe angekuwa ndani angeziba, lakini nilinyamaza, mimi niliyekuwa sinyamazi.

Nyuma, upande wa mlima, dirisha la tatu lilikuwa wazi. Bamba lake lilikuwa limelala kwenye majani. Niliona, sikujali, nikafikiri walifungua wenyewe walipoondoka.

Tuliishi humo humo, tungekwenda wapi? Kwenye robine, bomba la maji la mtaa, nikifika na ndoo, wanawake walinipisha. Si heshima ile. Walinipisha wakasogea, hakuna salamu, hakuna tena Mama Shehena, na nilitamani mtu anitukane tu. Mkubwa wangu alirudi kutoka shuleni na jino limevunjika, akaniuliza kama ni kweli baba yake ndiye aliyemuua yule mzee. Nilimwambia si kweli. Halafu nikaingia ndani nikalia, kwa sababu sikujua. Kila nililotaka kujua wakati ule lilikuwa hilo: yuko wapi, na alifanya nini. Nilimwomba Mungu anipe la kwanza na anifiche la pili.

Alikuja mtu mmoja mchana, mwezi wa mvua. Simjui. Alikuwa mkulima wa bonde, wa makamo, ana kiroba cha maharagwe kichwani. Aliuliza kama hii ni nyumba ya fundi. Kisha akaitazama ile nyumba, akaomba tukae nje.

Alinieleza kwa utaratibu. Alikuwa mmoja wa waliofungwa. Siku fundi alipoletwa, askari aliwekwa amsimamie dirisha kwa dirisha. Mawili ya mbele komanda mwenyewe alikuwepo, anakagua kwa kidole, kwa hiyo fundi alifunga yote. Walipokwenda nyuma komanda alikuwa ameondoka. Fundi akamwambia yule askari asiangalie mwanga wa mashine, ukiangaliwa macho yanajaa mchanga na usiku mtu halali. Ni kweli, kila bibi wa fundi amekwisha kulaza kitambaa cha maji juu ya macho ya bwana yake. Askari akageuza uso. Bwana yangu akagusa bamba mara nne tu, pembe nne, penginepo akapaka udongo na masizi ili lionekane limefungwa. Kisha akainamia ukuta kama mtu anayekagua kazi, akasema kwa Kirundi, polepole, kwa walio ndani: wangoje mvua kubwa, chuma kitapiga kelele, ndipo wapige teke.

Mvua kubwa ilichelewa. Katika kuchelewa kwake ndipo mzee alipokufa. Ilipokuja, ilikuja saa tisa mchana, na askari wote wakakimbilia kwenye baraza za watu. Wafungwa wakapiga bamba kwa miguu, likatoka, wakapita mmoja mmoja, wakakimbilia mbali, na wa mtaa wetu walikuwa bado hawajarudi kusimulia.

Mpaka hapo nilikuwa namsikiliza kama mtu anayekunywa maji. Nilitaka kuwaita watu wote wa robine waje wasikie. Nilimuuliza yule mtu wakati huo bwana yangu alikuwa wapi.

Yule mtu aliweka mikono juu ya magoti. Alisema fundi alikuwa papo hapo, chini ya lori lao analolitengeneza, hajafungwa kamba. Walipita karibu naye kwenye mvua. Mkulima huyu mwenyewe alimshika bwana yangu mkono akamwambia twende, wakijua ni nani aliyechomelea watakuua.

"Akakataa," alisema. "Akasema: minye niliambia bibi atanikuta hapa. Akirudi anikose, ataniona wapi?"

Asubuhi komanda aliliokota lile bamba, akahesabu zile alama nne. Walimpeleka upande wa mto. Aliyeona alikuwa mchunga mbuzi, na hakuna zaidi.

Mvua ilikuwa imeanza, watoto wanacheza ndani, nawasikia. Nilipaswa kumshukuru yule mtu. Alitembea na kiroba kichwani kutoka bondeni, alikuja kunipa jina zuri la bwana yangu, jina ambalo wanangu wangetembea nalo mtaani. Na walitembea nalo, kwa sababu siku zilizofuata habari ilienea, na wanawake wakaanza kunisalimia, na jirani akaja na ndagala na machozi. Lakini siku ile, pale nje, nilimtazama usoni, mtu mzima mwenye watoto wake, anayepumua, na nikasema:

"Bora lile bamba angelifunga lote."

Hakushtuka. Alisema, "Ndiyo, mama. Hata minye nasemaka vile."

Akasimama, akaacha maharagwe, akaenda kwenye mvua. Sikumwita. Jioni niliyapika, watoto wakala wakashiba. Nimezeeka sasa, na nimewaungamia mapadri wengi maneno yale, wote wamenisamehe. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nimeacha kuyasema.