Jicho la Jikoni

Mtaa mzima ulimwita Fundi Koili, na wengi hawakujua kama ana jina jingine. Kwa miaka thelathini na minne alitengeneza redio, pasi na feni katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na sifa yake ilikuwa moja: hakubali kushindwa na kitu chenye waya. Mbishi kwelikweli. Ukimwambia redio yako imekufa, atakuuliza, "Umeshaizika?"

Sasa mbishi huyo alikuwa na hofu, tena si hofu ya wezi wala ya uzee wa magoti. Alikiogopa kichwa chake mwenyewe.

Ilianza na jiko. Akiwa katikati ya kazi, moyo unamdunda: hivi nimelizima? Anainuka, anakwenda jikoni, analikuta limezimwa. Anarudi, anakaa, anashika bisibisi, na kabla hajakaza skrubu moja hofu imeshamrudia. Jumapili bintiye, mwalimu wa darasa la kwanza, alikuja kumsalimia akayaona hayo kwa macho yake.

"Baba, umekwenda jikoni mara tisa na chai yangu haijapoa. Funga hii karakana, uje ukae kwangu."

"Mara tisa? Acha kutia chumvi, wewe."

"Haya, hesabu mwenyewe."

"Nitahesabu kwa mashine, maana wewe huaminiki. Ikivuka kumi kwa siku, nafunga kazi nahamia kwako. Isipovuka, habari hizi nisizisikie tena."

Wakapeana mikono. Mzee alicheka, lakini binti alipoondoka alikaa kitako akaitazama meza yake ya kazi. Karakana ile ndiyo ilikuwa maisha yake. Pale kwa bintiye, ghorofa ya nne, angefanya nini? Kuangalia ukuta?

Mashine yenyewe ilikuwa ndogo: kibao cha saketi kisichozidi kiberiti, kilichounganishwa na kihisi mwendo, kitu kama jicho jeupe la plastiki linaloshtuka mwili wenye joto ukipita mbele yake. Alilitundika juu ya jiko. Aliandika programu kwenye laptopu kuukuu aliyoachiwa na mteja, akaihamishia kwenye kibao. Kila jicho likishtuka, ongeza moja, onyesha namba kwenye kioo kidogo cha kibao. Umeme ukikatika, au ukiingiza programu upya, hesabu inaanzia sifuri. Hakuna cha ajabu hapo.

Alhamisi saa nne asubuhi alikwenda kutazama jiko, akainua macho kwenye kioo. Thelathini na moja.

Aliiwasha mashine saa moja, kwa hiyo ni saa tatu tu zimepita. Thelathini na moja! Hata mwendawazimu hafiki huko.

Halafu ufundi ukamwokoa, au ndivyo alivyodhani. Aliupungia mkono uso wa jicho, na namba ikabaki palepale, haikupanda. Naam! Mashine ina kasoro; isiyohesabu inapotakiwa, basi huhesabu hata isipotakiwa. Akafikiri haraka haraka. Mtu akisimama mbele ya jiko hutikisika, anageuka, anashika swichi, na jicho linaweza kumhesabu mara tatu katika safari moja. Dawa yake nyepesi: baada ya kila hesabu, mashine ingoje dakika moja kabla ya kuhesabu tena. Furaha ilimjaa hadi akapiga mluzi. Alirudi karakana, akafungua programu kwenye laptopu, akateremka hadi mahali pa kuongeza mstari huo.

Mstari ulikuwepo.

Ulikuwepo mara tatu, mmoja chini ya mwingine. Subiri dakika moja. Subiri dakika moja. Subiri dakika moja. Na kando ya kila mmoja palikuwa na maelezo, yale ambayo mashine huyaruka na fundi hujiachia ili akumbuke alichofanya. Yalikuwa maneno yake mwenyewe, hata ule utani wake. "Jumatatu. Kosa nimelikamata, mwalimu atakoma." "Jumanne. Kosa nimelikamata, mwalimu atakoma." "Jumatano."

Fundi Koili alikaa akiyatazama. Hakukumbuka hata moja. Na kwa kuwa fundi ni fundi, akili ile ile iliyomsaliti ilimfanyia hesabu bila kumhurumia: mashine ilikuwa ikingoja dakika tatu nzima, na kila safari aliyoifanya ndani ya dakika hizo haikuhesabiwa. Thelathini na moja ilikuwa namba pungufu.

Aliogopa kama hajawahi kuogopa tangu azaliwe. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Angeweza kuifuta mistari yote, akaandika namba nne kwenye kioo, na bintiye asingejua kitu. Lakini yeye je? Angemdanganya nani kesho asubuhi?

Bado alikuwa hivyo binti alipoingia, mkoba wa shule begani.

"Shikamoo, baba. Imefika ngapi?"

"Marahaba. Achana na namba. Njoo usome hapa."

Alisoma, kwanza kwa sauti, halafu kimya. Mkoba ukateleza ukaanguka sakafuni, asiuokote.

"Naogopa, mwanangu," alisema mzee. "Sijawahi kumwambia mtu. Naogopa sana."

Binti alipiga magoti mbele ya kiti chake, akamshika mikono yote miwili.

"Najua, baba. Uliniambia jana kwenye simu."

Mzee alimtazama usoni, akitafuta dalili ya mzaha. Hakuiona.

"Ukanijibuje?"

"Nilikwambia nitaomba ruhusa shuleni, nije."

Mzee aliibana mikono ya bintiye.

"Kesho nikikwambia tena," alisema, "usichoke."