Nilifuta Linki ya Mazishi ya Mama

Kosa ni langu mie, jamani, msimtafute mwingine. Naandika hapa kwa sababu nyumbani Ukonga hakuna anayeniuliza tena, na mie sina pa kulisemea.

Mie ni admin wa grupu la WhatsApp la ukoo wetu. Lilikuwaga vurugu tupu: linki za TikTok, umbea wa Instagram, manabii wa kuuza mafuta, ajira za uongo. Nikapiga marufuku. Ukiweka linki ya nje naifuta, na wewe nakutoa. Watu walinuna, mie nikajiona kidume!

Mama akafariki. Mdogo wangu Rehema yuko Oman, anafanya kazi za ndani, hakupata ruhusa ya kuja. Binamu yetu Deo akaniambia, "Braza, mazishi nitayarusha laivu TikTok. Linki naiweka kwenye grupu, Rehema aone." Nikamjibu sawa sawa, huku nagombana na watu wa maturubai. Wala haikuniingia kichwani.

Makaburini simu ikatetemeka. Nachungulia, linki ya TikTok! Yaani namzika mama yangu, mtu analeta upuuzi! Sikuangalia ni ya nini wala ya nani. Nikafuta, nikamtoa aliyeiweka, nikafunga grupu asiandike mtu. Simu nikairudisha mfukoni. Deo mwenyewe alikuwa bize anarekodi, hakujua kama ameshatolewa.

Tukatupa udongo, tukaweka mashada, mafundi wakasakafia.

Tulivyorudi nyumbani ndiyo nikaona ujumbe wa Rehema. "Kaka, Deo kaweka linki, kabla sijafungua imefutwa. Mbona siwezi kuandika kwenye grupu?" Halafu, "Kaka, wameshaanza?" Na wa mwisho, "Basi ukitupa udongo, nitupie na wa kwangu."

Mungu wangu! Sikumtupia.

Nilimpigia, akapokea. Hakunitukana. Alisema bosi wake alimruhusu akae chumbani mpaka mazishi yaishe, akajifunga kitenge alichopewa na mama, akakaa na simu mkononi. "Nilikaa tu, kaka." Deo hakuihifadhi ile laivu, ilipoisha ikapotea. Picha tulizomtumia hajazifungua mpaka leo.

Mie hata sijalia. Nakula, naenda kazini Kurasini, narudi, nalala. Ukiniuliza najisikiaje, sijui. Nipo tu.

Juzi nilimwambia nitaenda kaburini nikamtupie udongo wake. Akaniuliza, "Juu ya simenti, kaka?" Akakata simu.

Nyie ma-admin, siwaambii mruhusu kila linki. Matapeli wapo, na grupu lisilo na sheria linachosha, hilo bado nalisema. Ila fungua kwanza uone! Muulize aliyeiweka ni ya nini. Mie ningeuliza tu, Deo alikuwa amesimama pembeni yangu.