Chapati Nyeusi za Saruli

Saruli Devi, jirani yangu wa ng'ambo ya ngazi za mawe, alirudi kutoka zahanati ya bondeni ameshika karatasi kama barua ya lugha asiyoijua. Mumewe, Kundan Singh, askari mstaafu, alitangulia mbele kwa hasira. Alikuwa amepimwa, sukari imepanda. Daktari alisema apunguze wali mweupe na chai tamu, ale dengu, mboga za majani na ulezi.

"Ulezi?" Saruli aliniuliza, akininyooshea karatasi. "Hebu soma wewe. Labda kaandika kingine."

Nikasoma. Ulikuwa ulezi.

Saruli aliolewa hapa kijijini, huku milimani Kumaon, kaskazini mwa India, akiwa na miaka kumi na tisa. Alikuta nyumba inayokula chapati nyeusi za ulezi asubuhi na jioni, akapigana miaka thelathini kuibadilisha. Watoto wake walipokula wali mweupe siku saba mfululizo, alipita kijijini kichwa juu. Sasa daktari mdogo kuliko binti yake anamwambia arudi alikotoka.

Akauliza huku na huku. Binti yake Hema, aliyeolewa mjini, akamwambia kwenye simu anunue shayiri ya kopo. Mwenye duka akasema dawa ni juisi ya karela, lile tunda chungu kama shubiri. Mwalimu mmoja mstaafu akasema nafaka ziachwe kabisa.

"Kila mtu ana ukweli wake," Saruli akaniambia, "na mume ninaye mmoja tu."

Siku ya tatu akatoa unga wa ulezi, akaanza kukanda. Kila alipoutandaza, ulipasuka vipande vipande. Mama mkwe wake, Khimuli, bibi wa miaka themanini na ushee, alikuwa kizingitini akimenya vitunguu saumu.

"Maji baridi hayo," alisema bila kugeuka. "Ulezi unataka maji ya moto. Miaka thelathini jikoni kwangu, hujui?"

"Hukunifundisha, Mama."

"Ungefundishika? Ulikuwa unaziba pua!"

Lakini aliinuka, akabandika maji mwenyewe. Wakakanda pamoja, wakizitandaza chapati kwa viganja. Dengu za kahawia zilizolowekwa tangu jana zilikuwa zimechemka na manjano. Khimuli akazimwagia bizari nyembamba na saumu vilivyokaangwa kwenye mafuta ya haradali, jiko zima likanukia. Saruli akachuma kwa koleo, nyuma ya nyumba, mboga ya mwituni yenye majani yanayowasha ngozi, akayachemsha mpaka yakalainika, akayaponda.

Kundan aliitazama sahani.

"Nini hii, mama Hema?"

"Chakula."

"Shuleni waliniita Mkaa kwa ajili ya hiki. Nimebeba bunduki miaka ishirini nisikione tena."

"Kula, baba Hema. Hapa hakuna wa kukucheka."

"Mimi nitamcheka," Khimuli akadakia, "asipokula."

Kundan akamega, akachovya, akatafuna muda mrefu. Akamega tena. Alipomaliza ya tatu aliomba samli kidogo, sauti yake chini.

Ndipo Saruli alipomwona mama mkwe analia. Hakuelewa. Je, alikuwa amemtonesha kidonda? Au ni furaha?

"Mama, nimekosa nini?"

"Hujakosa." Khimuli alifuta uso kwa ncha ya shela. "Nilimlisha hiki kwa sababu sikuwa na kingine. Kila usiku, alipolala, nilimwomba radhi kimoyomoyo. Leo mnaniambia ni dawa. Sasa ile aibu yangu yote niipeleke wapi?"

Saruli akachukua upawa. Mbona naye aliibeba aibu hiyohiyo, akaipiga vita? Akamwongezea bibi dengu, kwa sababu hakujua jingine la kufanya.

Baada ya miezi mitatu sukari ilishuka. Muuguzi akauliza kilichosaidia: ulezi, majani, kuacha chai tamu, au kushuka na kupanda mlima kwa miguu kila wiki kuja zahanati?

"Sijui, mwanangu," Saruli akasema. "Mimi nilipika tu."

Nyumbani wakala ulezi siku tano na wali siku mbili, na hakuna aliyewaambia kama hesabu hiyo ni sahihi. Mwezi wa sita nilimkuta Saruli shambani, kwenye tuta la chini alilokuwa ameliacha miaka mingi, akimwaga mbegu za ulezi.

"Umeshakuwa na hakika ni ulezi uliomsaidia?" nikamuuliza.

"Hata kidogo," akajibu, akaendelea kumwaga.