Oili ya Gari la Lesiba

Phetole Maponya aliendesha basi la Mamelodi kwenda mjini Pretoria mpaka kichwa kikawa cheupe, na ukimuuliza siri ya kutoharibikiwa njiani, jibu lilikuwa moja: oili. Injini ukiinyima inakupigia kelele, alisema, lakini giaboksi na difu, lile linalozungusha magurudumu ya nyuma, havisemi. Vinakuvumilia kimya kimya, mpaka siku vinakuaibisha mbele za watu. Madereva wenzake walimcheka, kisha wakija kukwama barabarani walimpigia simu yeye.

Mwanawe Lesiba hakurithi basi. Alirithi wazimu wa magari tu. Alinunua gusheshe, lile gari la Kijerumani lenye umbo la boksi na nguvu kupita akili ya mwenyewe, na kila Jumapili akawa analizungusha uwanjani, matairi yakitoa moshi, watu wakipiga miluzi, yeye nusu ya mwili yuko nje ya dirisha na gari linajizungukia. Phetole hakwenda kumtazama hata siku moja. "Gari ni la kumpeleka mtu kazini," alimwambia. "Hilo lako ni jeneza lenye redio." Neno hilo sasa lilimkaa kooni, kwa sababu Lesiba hakufa kwa gari. Alikufa kwa pumu, kitandani kwake, gari likiwa uani limefunikwa turubai.

Desturi ya watu wa mchezo huo ni kwamba mwenzao akizikwa, gari lake lizungushwe mara ya mwisho nje ya makaburi. Lisipozungushwa, ni kama hakuagwa. Ijumaa asubuhi Kgaugelo, rafiki wa Lesiba tangu utotoni, alikuja kuomba ruhusa. Mama wa marehemu, aliyekuwa amekaa kwenye godoro la matanga, alikubali kwa sharti.

"Lirudi zima," alisema. "Nataka nilisikie likiingia getini kwangu. Sauti yake nyingine sina."

"Litarudi," Phetole akadakia mbele ya wote. "Niachieni mimi."

Alitoka pale akavaa ovaroli, akalipandisha gari juu ya stendi, akaingia chini kubadilisha oili. Tangu mtoto afe alikuwa amekalishwa kwenye kiti akipewa pole na chai, na hakuna kitu kilichomchosha kama kile kiti. Dada yake mkubwa, Mmapula, alipomkuta huko nusura azimie.

"Phetole! Watu wa kanisa wameingia, wanatafuta mfiwa, wanaona miguu!"

"Waambie miguu inawasalimia."

"Na mchungaji je, aiombee miguu?"

"Dada, niache. Hii ndiyo kazi ninayoiweza. Zile za humo ndani zimenishinda."

Mmapula akaenda kuwadanganya wageni kwamba mfiwa amelala.

Giaboksi alilifanya kwa adabu zote. Kabla ya kugusa nati ya chini ya kumwagia, unafungua kwanza ile ya juu ya kujazia, maana ukishamwaga halafu ya juu ikagoma, umejitia kitanzi mwenyewe. Kila utingo anafundishwa hivyo kabla hajafundishwa kitu kingine. Alifungua ya juu, akamwaga, akapampu oili mpya kwa mkono mpaka ikachuruzika tunduni. Akafunga, akafuta. Kwa mara ya kwanza wiki ile alivuta pumzi ikafika chini.

Akasogea nyuma kwenye difu. Hapo ndipo kina mama walipoanza kuimba ndani, na katikati ya sauti zao akaisikia ya mkewe, imepasuka, haishiki wimbo. Macho yakamjaa. Mkono ukaenda wenyewe kwenye nati iliyo karibu, ya chini, na oili ikashuka yote karaini. Alipopapasa kutafuta nati ya juu akakuta donge la chuma. Akawasha tochi. Ilikuwa imechomelewa.

Kgaugelo alipoitwa alichungulia, akashika kichwa.

"Ntate, mzee wangu, umeshamwaga?"

"Nimemwaga."

"Yoo, Ntate! Ile nati nyuzi zake zilikwisha. Lesiba akizungusha inatema oili uwanja mzima, wanamfukuza. Ndio akaichomelea. Nikamwambia, wewe, siku ya kubadilisha je? Akacheka. Eti, siku hiyo nitaikata mwenyewe, nani mwingine ataingia chini ya gari langu?"

Phetole alilipapasa tena lile donge. Aliona aibu, na chini ya aibu ile kulikuwa na kitu kibaya zaidi.

Walihangaika mchana kutwa. Patasi iliteleza juu ya donge. Msumeno wa umeme ungelikata, lakini tangi la petroli liko pale pale juu, na Kgaugelo alikataa katakata kuzikisha wawili. Kulishusha difu lote, bolti zilikuwa zimeliwa na kutu, hazikucheza. Walijaribu kumimina kwenye kitundu cha kupumulia. Oili nzito ile iliingia matone mawili matatu, ikagoma. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Hii ilizoleka, ilikuwa pale karaini, ila haikuwa na pa kurudia.

"Kavu litazunguka kidogo," Kgaugelo alisema mwishowe. "Mizunguko miwili mitatu, nazima, tunalibeba kwa tela mpaka karibu na geti. Likizidi hapo linasagika. Au tumwambie Mama hatuzungushi?"

Phetole alitazama mlango wa nyumba yake kwa muda.

"Miwili mitatu," alisema. "Kisha uzime. Mama asijue."

Jumamosi, baada ya kaburi kufukiwa, gari lilishushwa kutoka kwenye tela nje ya geti la makaburi. Watu wakafanya duara na Phetole akasukumwa mbele. Kgaugelo akaingia, akaliwasha, likaanza kuzunguka. Ndipo mzee alipoona, kwa mara ya kwanza, jinsi lilivyokuwa zuri. Lilizunguka jepesi, kama mtoto anayechezea kanga ya mama yake. Akajichukia kwa Jumapili zote zile.

Mzunguko wa tatu akasikia mlio mwembamba kutoka chini. Miluzi ilikuwa mingi, lakini sikio la dereva ni sikio. Akainua mkono: inatosha.

Kgaugelo aliuona ule mkono. Mzee aliyekataa kuja miaka yote, leo amesimama mbele na mkono juu! Machozi yakamtoka kijana wa watu, makubaliano yakamtoka pia, akakanyaga. Watu nao wakainua mikono. "Ntate anamuaga mwanawe!" Phetole akainua wa pili, akapiga kelele, "Zima! Zima!", nao wakamshangilia. Difu likalia chuma kwa chuma, magurudumu ya nyuma yakakwama, gari likasimama ndani ya moshi wake. Makofi yakapigwa kama kwamba ndivyo ilivyopangwa.

Mkewe alikuwa ndani ya gari la familia, kioo kimeshushwa, blanketi jeusi mabegani. Alimwita, akamshika mkono ule ule, akaubusu.

"Nimekuona, baba Lesiba," alisema. "Sasa waambie watutangulie nyumbani. Nataka nilikute getini, nilisikie likiingia."

Phetole alimpandishia blanketi mabegani. Nyuma yake vijana walikuwa wameanza kulisukuma gari kuelekea kwenye tela, wakiimba, na magurudumu ya nyuma hayakuzunguka.